Jinsi ya Kufuatilia Asili na Mtawanyiko wa Jina Adimu la Ukoo la Uingereza: Mfano wa Speke

Sisi tuliokulia kando ya ziwa tunalijua jina la Speke kabla ya kujua lilikotoka. Ukipanda meli Mwanza kwenda Nansio unapita mdomoni mwa Ghuba ya Speke. Ukienda Rwenzori unaonyeshwa Mlima Speke, wenye mita 4,890. Kampala kuna hoteli yenye jina hilo. Ndiyo maana swali hili hunifikia mara kwa mara: huyu Speke, yaani John Hanning Speke, mvumbuzi Mwingereza wa karne ya 19, ukoo wake ulikuwa wa wapi, na ulisambaa vipi? Wengine wanaouliza wana sababu ya karibu zaidi, kwa mfano babu aliyeachiwa jina la Kizungu kwenye cheti cha ubatizo, au kaburi la mmisionari nyuma ya kanisa la kijijini. Njia ya kufuatilia ni ileile. Nitatumia Speke tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ni jina adimu kweli na lina karibu mitego yote utakayokutana nayo kwenye majina mengine.

Nadharia ni fupi. Huku kwetu pwani Ali bin Juma akizaa, mwanawe huwa Fulani bin Ali, na jina husogea kila kizazi. England majina yalianza kuganda baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuivamia nchi mwaka 1066, na kufikia miaka ya 1400 familia nyingi zilikuwa na jina lililorithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Wales na visiwa vya Shetland vilichelewa sana. Jina lilitokana na mahali, na jina la baba, na kazi, au na utani. Jina la kawaida kama Smith lilizaliwa katika vijiji mamia kwa wakati mmoja. Jina adimu huenda lilianza kwa mtu mmoja au wachache, na kwa karne nyingi wenye nalo walikaa jirani jirani. Kwa sababu hiyo ramani inaweza kukupeleka karibu na chanzo.

Kabla hujaanza, uwe na hivi:

- Simu au kompyuta yenye intaneti. Simu inatosha kutafutia, ila kazi ya ramani ni rahisi zaidi kwenye kompyuta.
- Akaunti ya FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo, ambayo ni ya bure. Tovuti za FreeBMD (vizazi, ndoa na vifo), FreeCEN (sensa) na FreeREG (rejista za parokia) nazo ni za bure, na unatafuta bila kujisajili.
- Jedwali la Excel au daftari la mistari lenye safu saba: mwaka, jina la ukoo kama lilivyoandikwa, jina la kwanza, parokia, kaunti, aina ya waraka, na ulipoupata.
- Ramani ya kaunti za zamani za Uingereza, yaani zile za kabla ya mabadiliko ya 1974. Ukitumia ramani ya leo, mtu wa Lancashire atakuhamia Merseyside bila yeye kusogea hata hatua moja.

Safu ya mwisho ya jedwali ndiyo watu wengi huiruka. Usiiruke. Baada ya miezi miwili utakuwa na mistari mia tatu, na mstari usioonyesha ulikotoka huwezi kuutetea mbele ya mtu yeyote.

Hatua ya 1: Orodhesha maumbo yote ya jina

Zamani tahajia haikuwa na sheria. Karani aliandika alichosikia. Kwa Speke, anza na haya: Speke, Speeke, Speek, Speake, Speak, Speck, Spek, na yale ya kale Espek, Espec na le Espek. Ongeza makosa ya kusoma mwandiko, kama Spoke na Spike. Kwenye FamilySearch alama ya ? hushika herufi moja isiyojulikana na * hushika herufi kadhaa, kwa hiyo Sp?ke itakuletea mengi kwa mkupuo.

Tahadhari: neno "speke" katika Kiingereza cha kale lilikuwa pia umbo la kitenzi cha kusema. Ukilitafuta ndani ya vitabu vya zamani bila kuongeza mahali au jina la kwanza, utazama katika maelfu ya kurasa zisizohusu ukoo wowote. Kila jina lina kikwazo chake cha namna hii. Kijue chako mapema.

Hatua ya 2: Anza na sensa ya 1881

Usianzie 1066. Anza hapa. Sensa ya tarehe 3 Aprili 1881 ilihesabu England, Wales na Scotland, faharasa yake yote inatafutika bure, na watu wengi walikuwa bado hawajasambazwa na magari na vita vikuu. Tafuta kila umbo la jina kivyake, kaunti kwa kaunti, na uandike idadi.

Kisha fanya hesabu ndogo ambayo wanaoanza husahau: gawanya idadi ya wenye jina kwa idadi ya wakazi wote wa kaunti. Chukua mfano wa kubuni. Kaunti yenye watu 1,000,000 ina wenye jina 40, na nyingine yenye watu 100,000 ina 20. Ukiangalia idadi tupu utasema kwao ni kule kwenye 40. Ukigawanya, ya kwanza ina 4 kwa kila laki na ya pili ina 20 kwa kila laki. Nyumbani kwa jina ni kaunti ya pili. London hudanganya watu kila siku kwa sababu hii, maana London kila jina limo.

Kwa Speke utaona jambo la kukufungua macho. Umbo la Speak limejaa upande wa Lancashire na Yorkshire, Speake liko upande wa Shropshire, na wenye Speke yenyewe ni wachache kiasi cha kuwaandika wote kwa mkono. Usiwaunganishe. Weka kila umbo na rangi yake kwenye jedwali mpaka waraka wenyewe ukuonyeshe mtu yuleyule akiandikwa kwa maumbo mawili.

Hatua ya 3: Tazama alikozaliwa, si alikolala

Sensa iliandika mtu alipokuwa usiku ule. Mjakazi aliyelala London, askari kambini, mwanafunzi bwenini, wote watakupotosha ukichora ramani kwa anwani. Kuanzia sensa ya 1851 kuna safu ya parokia aliyozaliwa mtu, na hiyo ndiyo ya kuhamishia kwenye ramani. Sensa ya 1841 ni dhaifu zaidi: ilisema tu kama mtu amezaliwa katika kaunti ileile au la, na umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi namba inayogawanyika kwa tano. Mtu wa miaka 39 aliandikwa 35. Usimkatae kwa ajili ya miaka minne.

Hatua ya 4: Rudi nyuma hadi 1837 kwa usajili wa serikali

England na Wales zilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837. Scotland ilianza 1855, na Ireland ikakamilisha 1864. Ingia FreeBMD, andika jina la ukoo peke yake, na kwa jina adimu pakua orodha nzima. Hili ndilo pendeleo la jina adimu: mwenye Smith hawezi kulifanya.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, faharasa imepangwa kwa robo mwaka, na wazazi walikuwa na siku 42 za kusajili mtoto, hivyo aliyezaliwa Machi anaweza kuwa kwenye robo ya Juni. La pili, eneo unaloliona ni wilaya ya usajili, si kijiji. Aliyezaliwa Ilminster utamkuta chini ya Chard. Wilaya nyingine zilivuka mipaka ya kaunti.

Pima uelewa wako kwa John Hanning Speke mwenyewe. Alizaliwa 4 Mei 1827 Orleigh Court, karibu na Bideford, Devon. Ni miaka kumi kabla ya usajili, kwa hiyo usihangaike kutafuta cheti chake cha kuzaliwa, utafute ubatizo. Alifariki 15 Septemba 1864 kwa risasi ya bunduki yake akiwa mawindoni Neston Park, Wiltshire. Kifo chake utakitafuta Wiltshire, ingawa alizikwa Dowlish Wake, Somerset. Mtu mmoja, kaunti tatu. Angekuwa mtu asiyejulikana ungeweza kumfanya watu watatu.

Hatua ya 5: Ingia kwenye rejista za parokia

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Si zote zilizosalia, na nyingi zina pengo kati ya miaka ya 1640 na 1660, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala uliofuata. Tafuta FamilySearch na FreeREG, kisha angalia katalogi za hifadhi za nyaraka za kaunti. Kwa Speke, hifadhi hizo ziko Taunton kwa Somerset na Exeter kwa Devon. Pale rejista ilipopotea, ulizia nakala ya askofu: parokia zilipaswa kupeleka nakala kwa askofu kila mwaka, na mara nyingine nakala imesalia pale ambapo rejista imeoza.

Tahadhari ya tarehe, nayo ni kubwa. Hadi 1752 mwaka rasmi wa England ulianza 25 Machi. Mfalme Charles II alikufa tarehe tunayoiita leo 6 Februari 1685, lakini waraka wa siku ile huandika 1684. Kila tarehe ya kati ya 1 Januari na 24 Machi kabla ya 1752 iandike kwa miaka yote miwili, hivi: 1684/5. Nimewahi kumzika mtoto kabla hajabatizwa kwenye jedwali langu kwa kupuuza kanuni hii, na ilinichukua wiki nzima kuliona kosa.

Hatua ya 6: Kabla ya rejista, fuata ardhi, kodi na wosia

Hapa ndipo jina linapoanza kuwa na historia, nawe usiwe na haraka. Kabla ya 1538 maskini haonekani sana. Wanaoonekana ni wenye ardhi, walipa kodi na walioshtakiwa. Tafuta katika katalogi ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza iliyopo Kew, London, na katika hati za kodi zilizochapishwa na vyama vya historia vya kaunti.

Ukifuata njia hiyo kwa Speke unakuta familia iliyoitwa Espek au le Espek huko Devon, yenye ardhi Wembworthy. Kaskazini mwa Exeter kuna kijiji kiitwacho Brampford Speke. Zamani kilikuwa Brampford tu, na sehemu ya pili iliongezwa kwa sababu ya familia hiyo. Angalia vizuri mwelekeo wa mambo: watu ndio walioipa ardhi jina. Wanaoanza hudhani kila kijiji chenye jina la ukoo ndicho kilichouzaa ukoo.

Kutoka Devon, tawi kuu liliingia Somerset kwa ndoa katika karne ya 15, likashika Dowlish Wake na Whitelackington karibu na Ilminster. Hata hivyo Devon haikuachwa. Sir John Speke, aliyefariki 1518, ana kikanisa chake cha maombi ndani ya Kanisa Kuu la Exeter, na kipo mpaka leo. Kisha yakaja ya Monmouth, mwana wa nje ya ndoa wa Mfalme Charles II. Mwaka 1680 George Speke alimkaribisha kijana huyo pale Whitelackington kwa shangwe kubwa. Mwaka 1685 Monmouth alimwasi Mfalme James II akashindwa, na katika mashtaka ya Jaji Jeffreys yaliyofuata, Charles, mwana wa George, akanyongwa Ilminster. Nimekaa sana na kisa hiki kwa sababu kinafundisha kazi yenyewe. Kesi ya uasi huacha karatasi: majina, parokia, mali, jamaa. Pale ukoo ulipoumia, mara nyingi ndipo ulipoandikwa zaidi.

Hatua ya 7: Tafuta maana ya jina, sasa, si mapema

Kila anayeniandikia huanza na maana. Iache hadi hapa, kwa kuwa maana bila ramani ni kubahatisha.

Ukifungua ramani ya leo utaona Speke, kitongoji cha Liverpool chenye jumba maarufu la Speke Hall, na utasema umefika. Hujafika. Jumba lile lilijengwa na familia ya Norris, na jina la mahali pale linahusishwa na neno la Kiingereza cha kale la vichaka na matawi makavu. Ukoo wa Somerset hautoki huko. Maumbo yake ya kale, Espek na le Espek, ni ya Kifaransa cha Wanormani, na yanaelekeza kwenye jina la utani la ndege: kigong'ota. Kile kiambishi "le" ndicho ushahidi. Jina la mahali lingekuja na "de", yaani "wa kutoka". Basi kwa jina lako pia, tafuta umbo la zamani zaidi ulilo nalo na uone kama limetanguliwa na "de", "le", "atte" (penye) au "fitz" (mwana wa) kabla hujasema chochote kuhusu maana.

Inawezekana kabisa familia nyingine, huko Lancashire, ilichukua jina kutoka kwenye kile kitongoji. Jina moja, mizizi miwili. Rangi ulizozitenga katika hatua ya 2 ndizo zitakazokuokoa.

Hatua ya 8: Chora ramani kwa tabaka

Chora ramani nne zinazofanana: kabla ya 1538, 1538 hadi 1700, 1700 hadi 1837, na 1881. Weka nukta moja kwa kila familia, si kwa kila hati, maana tajiri mmoja mwenye hati hamsini atakufanya uone kijiji kizima. Zipange sambamba na utazame nukta zinavyohama. Kwa Speke utaona kitovu kikisogea kutoka katikati ya Devon kwenda Ilminster, kisha nukta chache za pembeni.

Za Afrika weka alama tofauti. Ghuba ya Speke na Mlima Speke ni kumbukumbu ya mtu mmoja aliyeliona ziwa letu tarehe 3 Agosti 1858, akiongozwa na watu waliojua njia, akiwemo Sidi Mubarak Bombay, na akaliita Victoria ingawa lilikuwa na jina la Nyanza. Nukta hizo ni za heshima aliyopewa. Ukizichanganya na za makazi utakuwa na ukoo uliohamia Mwanza, jambo ambalo halikutokea.

Makosa yanayorudi kila mara

Kununua nembo ya ukoo. Huko England nembo ilipewa mtu na warithi wake, haikupewa jina. Wauzaji wanaokupa "nembo ya Speke" au ya jina lolote wanakuuzia picha.

Kunakili mti wa ukoo wa mtu mwingine mtandaoni. Tumia kama fununu, kisha uone hati mwenyewe.

Kuunganisha watu mashuhuri kwa kufanana majina. Walter Espec, bwana wa Helmsley huko Yorkshire, alianzisha abasia ya Rievaulx mwaka 1132, na wapenzi wa jina la Speke hupenda kumfanya babu. Lakini ardhi yake iligawanywa kwa dada zake. Hakuacha mwana wa kuendeleza jina.

Kuchapisha majina na anwani za watu walio hai. Ishia kwa waliokufa.

Ukikwama

*Sensa haimwonyeshi mtu ninayejua alikuwepo.* Futa jina la ukoo kabisa. Tafuta kwa jina la kwanza, umri na parokia ya kuzaliwa. Karani au mnukuzi amekosea herufi ya mwanzo.

*Nataka sensa ya 1931.* Ya England na Wales iliungua 1942, na ya 1941 haikufanyika. Tumia ya 1921, iliyofunguliwa 2022, na rejista ya kitaifa ya Septemba 1939.

*Wosia za Devon au Somerset hazipatikani.* Nyingi ziliteketea Exeter kwa mabomu ya Mei 1942. Waulize wahifadhi kuhusu muhtasari ulionakiliwa kabla ya hapo. Kwa wenye mali, tafuta wosia zilizothibitishwa katika mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Ziko Kew, kuanzia 1384 hadi 1858.

*Jina linakoma ghafla mahali fulani.* Tafuta binti. Tawi la Whitelackington lilifika kwa Anne Speke, aliyeolewa 1756 na Lord North, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu. Mali ikaenda na Anne, na jina likabaki kwa matawi madogo.

*Jina linazuka ghafla.* Huenda mtu alibadili jina ili arithi mali ya mjomba. Angalia pia majina ya kati: "Hanning" katika jina la mvumbuzi ni ukoo wa mama yake, na desturi hiyo hukupa ukoo wa pili bila gharama.

*Mtu wangu alikuwa askari au mtumishi ng'ambo.* Speke alikuwa afisa wa jeshi la Bengal. Ubatizo, ndoa na maziko ya Waingereza wa India viko katika kumbukumbu za India Office, Maktaba ya Uingereza, London. Kwa waliokuja Kenya, pitia Gazeti Rasmi lililoanza 1899, kisha rejista za makanisa ya hapa.

*Nina familia mbili na karatasi zimekwisha.* Hapo ndipo kipimo cha DNA ya mstari wa baba kinapofaa, kwa wanaume wawili walio hai wenye jina hilo, wote wakiwa wamekubali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walionyesha kwamba wanaume wenye jina adimu, kama Attenborough, mara nyingi wana babu mmoja wa pamoja, tofauti na wenye majina ya kawaida. Waeleze wote wawili kabla ya kuanza kwamba jibu linaweza kuwa hapana, na kwamba mtoto wa kulelewa au wa nje ya ndoa miaka mia tatu iliyopita anatosha kuleta jibu hilo.